Harusi ya Jinal Kwenye Kompyuta ya Dukani

Gelasius hakuwa mtu wa kutajwa tajwa mjini Shinyanga. Alikuwa fundi, basi. Ukiuliza habari zake pale sokoni, watu walikuonyesha kwa kidevu duka la Mzee Pranlal, lile la madaftari, cherehani na mashine za taipu. Huko nyuma, kwenye chumba chembamba chenye dirisha la kutazama uani, ungemkuta ameinamia kitu kilichofunguliwa matumbo. Alikuwa mrefu na mkimya, na alikuwa na tabia ya kukisemesha kifaa anachokitengeneza kama vile anambembeleza mgonjwa anywe uji. Alizaliwa Ushirombo kwa Mzee Januari, nyumba ya jembe mchana na rozari jioni. Kama si redio ya baba yake kukata kauli siku ya Pasaka, pengine angekuwa bado anapalilia mihogo kule.

Redio ile aliifungua, akaifunga, ikaimba. Alibakiwa na skrubu asizojua zilikotoka, lakini redio iliimba, na Mzee Januari akawatangazia majirani kwamba nyumba yake imepata fundi. Sifa za namna hiyo ni hatari kwa kijana. Gelasius alifungasha nguo zake akaja Shinyanga kutafuta kazi ya ufundi, na kazi aliyoipata ilikuwa kubeba marobota kiwandani kwenye pamba, akipiga chafya asubuhi hadi jioni.

Siku moja alipita mbele ya duka akamkuta Mzee Pranlal anaitukana mashine ya taipu kwa Kigujarati. Matusi yana sauti moja dunia nzima, kwa hiyo Gelasius alielewa, akasimama.

"Unaijua hii?" Pranlal alimwuliza.

"Siijui, mzee. Ila nataka kuijua."

Pranlal alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Mafundi wote wa mji ule walikuwa wanajua, na kila walichokijua kilirudi dukani kibovu zaidi. Akampa kiti, akampa bisibisi, na Gelasius hakurudi tena kwenye pamba. Pranlal ndiye aliyemfundisha kuunganisha nyaya kwa risasi ya kuyeyusha bila kuunguza vidole. Mkewe, Kantaben, aliyeitwa na wote Mama Jinal, alimpelekea chai ya tangawizi kila siku, na ilikuwa kali ya kumfufua mtu. Binti yao wa pekee, Jinal, alikuwa bado msichana wa shule, akikaa juu ya boksi pale karakana kumwuliza maswali yasiyo na mwisho. Hao ndio waliokuwa ndugu zake mjini.

Kisha zikaja zile mvua za El Niño, ambazo mtu wa Shinyanga akizikumbuka hutikisa kichwa. Febronia, mke wa Gelasius, alikuwa kwao Tinde, mjamzito, na uchungu ulimshika wakati barabara imegeuka tope. Habari ilipofika dukani, Pranlal alikuwa anapakia pikapu maboksi ya madaftari ya shule. Hakuuliza maswali. Aliyashusha maboksi palepale nje, mengine yakaangukia kwenye maji, akawasha gari. Kantaben akapanda nyuma na sari yake, akashika turubai. Walikwama, wakasukuma, wakakwama tena, lakini waliporudi mchana ule Kantaben alikuwa amempakata kichwa Febronia mapajani, na mtoto Evelina alizaliwa hospitali, mzima, akilia kwa hasira. Gelasius alijaribu kusema kitu kuhusu yale madaftari yaliyolowa. Pranlal alimkata kauli.

"Madaftari yanachapwa kila siku," alisema, akaenda kunawa matope.

Tangu siku hiyo Gelasius alitembea na shukrani kifuani kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa asijue pa kuutua. Asante alishaisema, akaiona ndogo. Febronia, yeye, aliichukua sindano yake ya kufuma.

Na hapa inabidi niseme jambo kuhusu nyumba zetu. Kitu cha thamani hakiachwi uchi. Redio ina kitambaa chake, runinga ina chake, kochi lina vyake, hata chupa ya chai huvalishwa. Mgeni akiingia akakuta redio haina kitambaa, anajiuliza mama wa nyumba hii ana nini. Kwa hiyo Febronia aliposikia kwamba kwa Mzee Pranlal kumeingia kompyuta, jambo la kwanza alilomwuliza mumewe halikuwa inafanya nini.

"Ina kitambaa?" aliuliza.

Haikuwa nacho. Akanunua uzi wa pamba, mweupe na wa kijani, akafuma kitambaa wiki kadhaa, akakipa pembeni majani ya kijani, mazito, yameshikamana vizuri. Alipokipeleka, Kantaben alikikunjua, akakigeuza huku na huku, akamkumbatia Febronia asimwachie. Kitambaa kile kilikuwa kizuri kuliko kompyuta yenyewe.

Kompyuta yenyewe, tusidanganyane, ilikuwa ya kuunga unga. Jirani yao Taufiq, aliyekuwa akienda Dar kufuata vitenge, ndiye aliyewaletea madabodi, lile bamba kubwa ambalo vyote vinachomekwa juu yake. Ilikuwa ya bei ya chini, kwenye boksi lisilo na jina ila picha ya chui anayeruka, na chui huyo ndiye alikuwa kitu pekee chenye kasi ndani ya boksi lile. Prosesa, ubongo wa kompyuta, ilikuwa ya mtumba, ya spidi ya mia moja, wakati huko kwa wenzetu watu walishazungumzia mia nne. Gelasius aliiunga, akaikemea, akaibembeleza, ikawaka. Kwa kuchapa barua za wateja ilitosha kabisa.

Lakini haikununuliwa ili ichape barua tu milele. Mwishoni mwa mwaka tisini na nane Jinal aliolewa huko Leicester, Uingereza, alikokwenda kusoma. Tarehe ilipangwa kwa nyota, haisogezwi. Na majuma yaleyale macho ya Pranlal, yaliyokuwa yakimsumbua kwa muda, yalimlaza hospitali. Presha ya macho, daktari alisema. Akamkataza kupanda ndege, na akamweleza bila kuzunguka kwamba nuru iliyobaki itaendelea kupungua. Kwa hiyo binti wa pekee aliolewa baba na mama wakiwa Shinyanga, wameketi sebuleni, wakitazamana.

Mpwa wao Rushabh, kijana wa mambo ya kisasa, aliipiga picha harusi yote, na badala ya kuiweka kwenye mkanda wa video kama watu wengine, akaiweka kwenye diski. Diski ikafika mwaka mpya umeshaanza. Nyumbani walikuwa na deki ya mikanda. Mashine ya diski hakukuwa na mtu wa karibu aliyekuwa nayo isipokuwa ile kompyuta ya chui. Taufiq alishauri waende Mwanza, kuna duka linazo. Kantaben alimtazama kama aliyetukanwa.

"Ndoa ya binti yangu nikaitazame dukani kwa watu, nimesimama?" alisema. "Itatazamwa hapa, mbele ya Mungu wa nyumba yetu na picha za wazee."

Kumwandikia Rushabh alete mkanda kulimaanisha kusubiri mtu wa kusafiri nao, na macho ya Pranlal hayakuwa yanasubiri mtu. Tayari alikuwa anawatambua wateja kwa sauti.

Kabla ya kuihamishia kompyuta sebuleni, wakaijaribu diski kwanza. Wote walisimama nyuma ya Pranlal pale karakana, wamevaa vizuri. Picha ilitokea, ikaganda, ikaruka, ikaganda. Jinal aliinua mkono, mkono ukabaki hewani, halafu ghafla ukawa chini. Sauti yake ilikatika katika vipande hata haikujulikana anacheka au analia. Pranlal alisikiliza kwa muda, akaweka kiganja begani kwa Gelasius, akatoka nje. Gelasius alitamani ardhi ipasuke immeze.

Hakulaumu diski. Alijua shida ni nini: prosesa ilikuwa inakimbia nyuma ya picha, haizifikii. Juu ya ile madabodi, kwa herufi nyeupe ndogo, palikuwa pamechapwa jedwali la jampa, vile vidude vidogo vya plastiki vinavyochomekwa kwenye vijiti viwili viwili kuiambia prosesa iende kwa mwendo gani. Jampa zilikaa mahali pa mia moja. Lakini jedwali lilikuwa na safu nyingine: mia na ishirini, mia na thelathini na tatu, mia na hamsini. Hakuna aliyekuzuia kuzihamisha isipokuwa hofu ya kuunguza.

Na hofu alikuwa nayo. Ile ilikuwa prosesa pekee, na ikiungua, na harusi imeungua. Alikaa nayo mchana mzima akiisemesha. Mwishowe alipiga moyo konde, akazima umeme, akashika jampa kwa ncha ya koleo, akaipeleka mia na hamsini. Akawasha. Kimya, kioo cheusi. Akairudisha nyuma mpaka mia na thelathini na tatu, akawasha tena huku amefumba jicho moja, na kompyuta ikaguna, ikahesabu kumbukumbu zake, ikasimama wima kama askari.

Kuijaribu, hakutumia harusi. Alisema harusi ya binti wa mtu haitazamwi na fundi kabla ya baba yake. Alitumia diski iliyokuja na kile kisomeo cha diski cha kompyuta, yenye picha za samaki wakiogelea baharini. Aliwatazama samaki wale kutwa, siku baada ya siku, kompyuta ikiwa imefunguliwa mfuniko pale mezani na feni ya dari ikizunguka juu. Waliogelea laini, bila kuruka. Febronia alipopika sato jioni moja, mumewe aliitazama sahani kwa uchovu mkubwa, akaomba maharage.

Jumapili ikafika. Gelasius aliifunga kompyuta mfuniko wake vizuri, akaibeba mpaka sebuleni kwa Mzee, akaiweka karibu na lile kabati lenye miungu na taa ya samli. Kisha, kwa mikono yake mwenyewe, akakitandaza juu yake kitambaa cha Febronia, akanyoosha pembe, akahakikisha majani ya kijani yananing'inia sawa pande zote hadi nyuma. Alirudi hatua akaangalia, akaridhika. Kitu cha heshima kilikuwa kimevaa.

Na harusi ikaenda! Ngoma zililia bila kukatika, wageni walipita, Kantaben akawataja mmoja mmoja huku analia na kucheka. Jinal akaletwa na wajomba zake, mwekundu na dhahabu kutoka kichwani hadi miguuni. Akaketi. Kuhani akainua chombo cha maji. Sasa ilikuwa inakuja kanyadaan, pale baba na mama wanapouweka mkono wa binti yao kwenye mkono wa mume. Siku ile kaka mkubwa wa Pranlal alisimama badala yao. Pranlal alisogeza kiti mpaka pua ikakaribia kioo.

Picha ikaganda. Gelasius alibonyeza hiki, akabonyeza kile, haikusikia. Aliizima akaiwasha, wakaanza upya, na safari ya pili iliganda hata kabla Jinal hajaketi. Aliomba waruke mpaka kwenye kanyadaan yenyewe. Kantaben alikataa: ndoa inaanza kwa kumwomba mungu Ganesha, haichukuliwi katikati kama kipande cha mkate.

Aliirudisha karakana, akaifungua. Samaki wakaogelea kutwa nzima bila kosa. Akaipeleka nyumbani, ikaganda. Akashusha jampa mpaka mia na ishirini, sauti ikaanza kukwaruza, na ikaganda vilevile mbele kidogo. Akalaumu umeme wa nyumbani, akaazima kifaa cha kutuliza umeme, ikaganda. Karibu kila mara palepale, kuhani akiwa na maji, kaka wa Pranlal akinyoosha mkono. Na kila mara, kabla ya kuwasha, Gelasius alikitandaza kitambaa na kunyoosha pembe.

Kantaben aliacha kulia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Mungu hataki," alimwambia Gelasius jikoni kwa sauti ya chini. "Hatukuwepo kumtoa mtoto wetu. Sasa anatunyima hata kuona. Mwache mzee apumzike, Baba Evelina. Kila ikikatika pale, anazeeka."

Gelasius alisimama na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Watu hawa walikuwa wameyatupa madaftari yao kwenye maji kwa ajili yake, na yeye alikuwa anawaletea uchungu wa kila Jumapili. Aliamua atairudisha jampa mahali pake pa mia moja na kuiondoa kompyuta sebuleni moja kwa moja.

Alipofika sebuleni, Febronia alikuwa ameingia kusalimia, na Evelina mgongoni. Lilikuwa jua la Shinyanga la saa saba, jua la kukausha nguo kabla hujazianika. Mtoto alikuwa amevaa sweta, soksi na kofia ya sufi iliyofungwa chini ya kidevu, maana mtoto mzuri ni mtoto aliyevalishwa.

"Shikamoo, Mama Jinal."

"Marahaba. We Febronia!" Kantaben alishamchukua mtoto, anamvua kofia. "Mwone, kachemka kama chapati! Anatoka jasho, ananyong'onyea, na wewe unamfunika tu. Mvue apumue!"

Evelina, kichwa kikiwa wazi, alipiga chafya, akaangaza macho, akaanza kuchangamka. Gelasius alikuwa ameweka kiganja juu ya kompyuta akijiandaa kuibeba. Kitambaa kilikuwa cha moto. Hakikuwa cha uvuguvugu, kilikuwa cha moto kweli, kama kitambaa kilichofunika ugali. Akakumbuka nyuma ya kasha, pale feni inapotolea pumzi, na majani ya kijani yaliyofumwa mazito yakafunika tundu zote. Akakumbuka karakana, mfuniko wazi, feni ya dari. Prosesa iliyoongezwa mwendo inatoka jasho zaidi, na yeye alikuwa akiivalisha sweta.

Akajua, na hakuweza kusema. Angesemaje, mbele ya Mama Jinal, kwamba zawadi ya mkewe ndiyo iliyokuwa ikiinyonga harusi? Alibaki amekodoa macho kwenye kile kitambaa. Febronia alikuwa ameishi na ukimya wa mumewe kwa muda wa kutosha kuusoma.

"Ni kitambaa?" aliuliza.

Gelasius aliinamisha kichwa. Febronia alisonga mbele, akakivuta mwenyewe, akakikunja mara mbili kifuani. Aliumia kidogo, ilionekana, halafu akaanza kucheka, na Kantaben naye akaelewa, akacheka mpaka akamshika mkono.

"Nacho kilikuwa na joto la upendo," Kantaben alisema.

Gelasius aliuvua mfuniko wote, akairudisha jampa mia na thelathini na tatu, akailetea feni ya mezani ikaipulizia madabodi usoni. Madude ya ndani yalionekana yote, waya na mapezi ya bati ya kupozea prosesa, uchi kabisa mbele ya miungu na picha za wazee. Wakamwita Pranlal. Alikuja akipapasa ukuta.

"Gelasius," alisema alipoketi, "leo mimi naona rangi tu. Wewe niambie."

Basi mtoto wa Mzee Januari, Mkatoliki wa Ushirombo, akamsimulia Mhindu harusi ya Kihindu. "Sasa wanapita akina mama, mzee, wamebeba sahani." Pranlal akamsahihisha: ni taa, si sahani. "Sasa Jinal ameketi. Anaangalia chini. Anatabasamu lakini anajificha." Pranlal akasema ndivyo alivyokuwa akijificha tangu utoto. Kuhani akainua maji. Chumba kizima kiliacha kupumua, isipokuwa ile feni. Maji yakamiminika, laini, tone kwa tone.

Kuhani akaanza kutaja ukoo. Alimtaja babu wa babu, akamtaja babu, na sauti haikukatika, ikafika pale: binti wa Pranlal na Kantaben. Majina yao, mazima, katikati ya ndoa ya mtoto wao, mbele ya moto.

Kantaben alikuwa ametoka jikoni na nguo ya kazi, kichwa wazi. Mama wa bibi harusi hasimami hivyo wakati wa kanyadaan. Alikichukua kitambaa mikononi mwa Febronia, akakikunjua, akajifunika kichwa, majani ya kijani yakamshukia usoni.

"Mkono wake uko wapi?" Pranlal aliuliza.

Gelasius alimshika kiganja, akakiongoza mpaka kwenye kioo, pale mkono wa Jinal ulipokuwa umenyooshwa. Kantaben akaweka wake juu yake. Kioo kikatoa ule mlio mdogo wa cheche kinaoutoa ukikigusa.

"Umenigusa," Pranlal alisema.

Gelasius alijua ni umeme wa kioo tu. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alishukuru kwamba kazi yake ya kusimulia ilikuwa imekwisha.

"Wabeja, Mama Evelina," Kantaben alisema baadaye, kwa asante ya Kisukuma aliyozoea kuwaambia wateja, akiwa bado amejitanda.

Kompyuta ile iliendelea kukaa wazi sebuleni, kitu pekee kisicho na kitambaa katika mtaa mzima, na wageni walioshangaa waliambiwa inahitaji kupumua. Jampa haikurudishwa kamwe. Kitambaa kiliingia kwenye kabati la chuma, pamoja na sari ya ndoa ya Kantaben. Macho ya Pranlal yalizimika kabla ya pamba kuvunwa.

Jumapili iliyofuata ile kanyadaan, simu ililia. Ilikuwa Leicester.

"Baba," Jinal alisema, "mmeiona?"

"Kuona sikuona, mwanangu," Pranlal alijibu. "Nilikuwepo."

Upande wa pili kukasikika kilio. Mzee alimpa Gelasius mkono wa simu, maana naye alikuwa hawezi tena kusema. Gelasius aliushika kwa mikono miwili. Alikuwa na mengi ya kumwambia, miaka mizima ya mambo, na hakuna hata moja lililokubali kutoka. Mwishowe alimwuliza kama huko kuna baridi.

"Ipo, kaka Gelasius," Jinal alisema. "Ipo sana."

"Basi jifunike," akamwambia.